Ndoo ya Bluu: Kisa cha Unga wa Lishe Uliopimwa Mara Mbili

Unga ni ule ule, vipimo viwili. Cha kwanza nilikipima mwenyewe asubuhi moja ya baridi ya Juni, juu ya meza ya plastiki pale Uyole, Mbeya: 4. Cha pili kilikuja kwenye karatasi yenye mhuri, kutoka maabara aliyoitumia mnunuzi wa Iringa mjini: 33. Namba zote mbili ni maikrogramu za sumukuvu ya aflatoksini kwa kilo moja ya unga, na kiwango chetu cha Afrika Mashariki kinaishia 10. Kwa kipimo changu unga ulikuwa halali. Kwa kipimo chao haukupaswa kuliwa hata na mtu mzima, sembuse mtoto wa miezi minane anayeanza uji.

Mwenye unga, mama mwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, alinipigia saa moja usiku. Hakupandisha sauti, yeye akikasirika kweli ndipo huwa mpole.

"Mwanangu, nina karatasi mbili hapa mezani. Nani kati yenu muongo?"

Nilijibu kwa haraka ya mtu aliyeguswa kwenye kazi yake. Nikasema huenda ni maabara yao, mashine kubwa nazo hukosea. Usiku ule ule nikajishuku, na wiki mbili zilizofuata nilizitumia kuishuku mashine yangu. Muongo tuliyekuwa tunamtafuta hakuwepo, lakini mpaka kulifikia hilo tulizunguka sana, na mzunguko wenyewe ndio nataka kuusimulia.

Kiwanda ni vyumba viwili na ukumbi, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Kuna kinu kimoja cha umeme, jiko la kukaangia, meza ya kufungashia na mabinti wawili wanaolipwa kwa katoni. Mama huyu husaga kwa mikupuo ya kilo 50, kwa sababu ndicho kiasi ambacho pipa lake la kuchanganyia linabeba: mahindi kilo 30, soya 10, karanga 5, ulezi 5. Mahindi hutoka Mbozi, ulezi Sumbawanga, karanga upande wa Momba, kule bondeni kwenye joto. Oda ya Iringa ilikuwa ya kilo 300, yaani mikupuo sita. Mimi nilifika siku ya kusaga, nikachota kikombe kwenye mkupuo wa kwanza, nikapima, nikapata 4, nikaandika karatasi, nikanywa chai ya rangi na mandazi mawili, nikaondoka. Yumkini kosa langu umeshaliona. Mimi nilichukua siku kumi na moja kuliona.

Kwanza nieleze kifaa, maana bila hicho kisa hakieleweki.

Karibu kila mtu ameona kipimo cha haraka cha malaria kwenye zahanati: tone la damu, subira ya dakika kadhaa, mistari miwili unao, mmoja huna. Stripu ya sumukuvu inafanana nacho kwa sura ila husomwa kinyume. Ndani yake kuna kingamwili, zenye kazi ya kuishika sumukuvu, zilizobandikwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Dhahabu hiyo ndiyo inayotoa ule mstari mwekundu wa kuelekea zambarau. Mahali pa mstari wa kipimo kiwandani wameshatandaza sumukuvu kidogo. Unaposaga sampuli, ukaitikisa ndani ya ethanoli, ukachuja na kudondosha, kingamwili huanza safari kupanda na maji. Kama maji hayana sumu, zinafika kwenye mstari zikiwa mikono mitupu, zinashika, mstari unakolea. Kama maji yana sumu, zimeshajaza mikono njiani. Zinaupita mstari bila kushika kitu, nao unafifia. Mstari uliokolea ni habari njema, uliofifia ni habari mbaya.

Nilipomfundisha mama jambo hili mara ya kwanza alinikatalia kabisa. "Sumu ndiyo inapaswa kuonekana," alisema. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kurudia maelezo. Ni kweli kwamba hiki ni kifaa kinachokuonyesha kitu kwa kukificha.

Jicho haliwezi kutofautisha mstari wa 8 na wa 12. Kazi hiyo hufanywa na mashine ya kusomea, kisanduku kinachoingia kwenye mkoba wa shule: ndani kuna taa na kihisi cha mwanga kinachopima mstari wa kipimo umekolea kiasi gani ukilinganishwa na mstari wa uhakiki, kisha kinabadili jibu kuwa namba kwa kufuata msimbo wa pakiti ile ya stripu. Ukitumia msimbo wa pakiti ya mwaka jana, mashine hailalamiki. Itakupa namba safi kabisa isiyo na maana yoyote.

Na namba yenyewe ni ndogo kiasi cha kutoaminika. Maikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja kwenye tani 100. Panga malori matatu yaliyojaa mahindi, kila moja tani 30, ongeza na Fuso moja lenye tani kumi, halafu gawanya gramu moja ya sumu humo mote. Hicho ndicho kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia ameonja karanga akasikia haina uchungu, mshukuru tu. Ulimi haufiki huko.

Nilianza uchunguzi kwa kushuku baridi. Stripu hutunzwa kwenye friji, na maelekezo yanataka zitolewe zikae hadi zifikie joto la chumba. Chumba gani? Chumba cha Uyole mwezi Juni saa mbili asubuhi hakina joto la kufikia. Ukizungumza, pumzi inatoka kama moshi. Kingamwili ni protini, na kwenye baridi kushikana kwake huzorota. Bahati nzuri nilikuwa nimeacha kopo la akiba la kikombe kile cha kwanza. Nikapima tena mara mbili: kwa stripu iliyotoka kwenye friji moja kwa moja, na kwa stripu iliyokaa mfukoni mwangu nusu saa, kwenye kishikilia kilichopashwa moto. Ya baridi ilitoa mistari yote miwili hafifu, mashine ikakataa kuisoma. Ya mfukoni ikasoma 5. Kumbe baridi inaharibu kipimo, ila siyo iliyonipa ile 4.

Nikashuku kitufe. Mashine hukuuliza unapima zao gani, na mimi nilibonyeza "mahindi" kwa kuwa unga mwingi ni mahindi. Lakini humo kuna karanga na soya, mafuta na protini ambazo stripu ya mahindi haikuandaliwa kukutana nazo, na ulezi una rangi yake. Vitu hivi vinaweza kuwazuia hao wasafiri wa dhahabu, au kuishikilia sumu isitoke kwenye unga. Hapa sikuwa na njia ya kujihakikishia mezani, nikapeleka sehemu ya kopo kwenye maabara yenye kromatografia, mashine inayozitenga kemikali moja moja na kuzipima. Jibu lilirudi baada ya wiki: 4.6.

Niseme ukweli, nilifurahi kwa dakika tano hivi. Mashine yangu ilikuwa sahihi. Kisha nikaelewa maana yake: kama 4 ni kweli, na 33 ni kweli, basi unga haukuwa ule ule.

Hapo mabinti ndio waliotuokoa, bila kujua. Kwa kuwa wanalipwa kwa katoni, kila katoni huandikwa kwa kalamu ya wino mzito: namba yake na herufi ya aliyeifunga, ili jioni kusiwe na ugomvi. Pakiti za kilo moja zilikuwa na tarehe tu, ile ile kwa zote. Lakini katoni kumi na mbili za pakiti ishirini na tano zilikuwa na mpangilio wa kusagwa, kuanzia 1 hadi 12, mbili kwa kila mkupuo. Hakuna mfumo wa ufuatiliaji wa bidhaa niliowahi kuuona kwenye semina uliofanya kazi vizuri kama ugomvi huo wa jioni.

Mnunuzi alikuwa amerudisha mzigo, pungufu ya pakiti alizopima na chache zilizouzwa. Tuliupanga ukumbini kwa namba. Safari hii sikuchota kikombe. Kila katoni tulitoa pakiti tano, tukazimwaga kwenye beseni, tukachanganya kwa mikono mpaka mabega yakauma, tukagawa robo nne, tukaacha mbili za kukabiliana, tukachanganya tena, tukagawa tena. Ndipo nikapima. Katoni ya 1 hadi ya 10: kati ya 3 na 6. Ya 11: 35. Ya 12: 37.

Iringa walichukua sampuli kutoka katoni ya 12. Siyo kwa hila. Ndiyo iliyopakiwa mwisho kwenye gari, kwa hiyo ndiyo iliyoshuka kwanza.

Nilimuuliza mama mkupuo wa sita ulikuwa na nini. Akasema hakuwepo, alikuwa amekwenda kwenye msiba Igawilo. Binti mdogo akaendelea kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Karanga zilipungua, kaka," alisema hatimaye. "Kilo mbili hivi. Gari lilikuwa linasubiri."

"Mkaongezea nini?"

Akaonyesha kwa kidevu. Chini ya meza ya kuchambulia kulikuwa na ndoo ya bluu ya lita ishirini, ile ya rangi ya ukuta iliyooshwa, na mfuniko wake.

Mama huyu anachambua karanga vizuri kuliko viwanda vingi vyenye mashine. Karanga humwagwa kwenye ungo, na zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zenye doa la njano au kijani, zote hutolewa moja moja kwa vidole. Kazi hiyo ndiyo iliyompa unga wenye 4. Sumukuvu ya karanga haijatandazwa sawasawa kama chumvi kwenye mboga. Inakaa kwenye punje chache mno, na punje hizo mara nyingi zina sura mbaya. Ungo na macho mawili huondoa sehemu kubwa ya sumu. Ila haiyeyuki hewani. Inahamia kwenye ndoo.

Nilichota kwenye ndoo, nikasaga, nikapima. Mstari wa kipimo haukuonekana kabisa, na mashine ikaandika kwamba imezidi uwezo wake. Nikazimua maji ya sampuli mara kumi, nikarudia: 78. Maana yake 780. Hapo hesabu inafanyika hata kwa kijiti kwenye vumbi. Kilo mbili mara 780 ni maikrogramu 1,560. Zigawe kwenye kilo 50 za mkupuo, unapata 31. Ongeza 4 ya kawaida: 35.

Mama aliitazama ile 35 niliyoiandika nyuma ya boksi la stripu kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kilo mbili tu?"

Kilo mbili ni nyingi. Watafiti waliowahi kupima punje moja moja za karanga walikuta nyingine zimepita maikrogramu milioni moja kwa kilo. Punje ya namna hiyo yenye uzito wa nusu gramu ina maikrogramu 500 peke yake, na ukiisaga ndani ya gunia safi la kilo 50 gunia zima linafika 10. Punje moja. Ndiyo maana wanaopima nafaka kwa kazi husema hatari kubwa haimo kwenye mashine, imo kwenye mkono unaochota. Mashine ilinijibu sawasawa kuhusu kikombe nilichoipa. Mimi ndiye niliyeandika jibu la kikombe kwenye karatasi ya kilo 300.

Binti yule mkubwa alikuwa na wazo lake. Mjomba wake ni wakala wa pesa za simu na ana taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba karanga zenye sumu hung'aa. Tukafunga madirisha, tukamulika ndoo. Kweli, baadhi zilitoa mwanga wa kijanikijani. Ni jambo lenye historia: sumukuvu hizi zilipewa majina ya B na G kwa sababu zikitengwa maabara na kumulikwa, moja hung'aa buluu na nyingine kijani. Ziligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Lakini kinachong'aa kwenye punje yenyewe mara nyingi ni kemikali nyingine ya kuvu yule yule, siyo sumu, na kuna punje zenye sumu zisizong'aa. Nilimwambia aitumie taa kuongezea macho wakati wa kuchambua, asiitumie kuamua kwamba karanga ni salama. Nadhani alinielewa, ingawa mjomba inasemekana sasa anatoza shilingi mia mbili kumulika karanga za majirani.

Mama aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. "Hao watoto wa Iringa waliokula, itakuwaje?"

Pakiti zilizouzwa kutoka katoni mbili za mwisho zilikuwa chache, na 33 si kiasi cha kumuangusha mtoto kwa siku moja. Tukio la mwaka 2016 la Dodoma na Manyara, watu 68 waliougua na 20 kati yao kufa, lilitokana na mahindi yaliyooza kwa sumu, viwango vya juu sana, yakaliwa kila siku. Nilimwambia hivyo, na ni kweli. Ila haikuwa haki kumwachia hapo. Aflatoksini ya aina ya B1 imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ini lenyewe, likijaribu kuisafisha, huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli. Haihesabu siku, inahesabu miaka. Na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari ya namna nyingine kabisa: utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Shanghai ulikuta mwenye sumukuvu peke yake ana hatari ya saratani ya ini mara tatu na kidogo kuliko asiye na chochote, mwenye virusi peke yake mara saba, na mwenye vyote viwili karibu mara sitini. Hivi viwili havijumlishani tu, vinachocheana. Ile sindano ya penta anayochomwa mtoto kliniki akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne ina chanjo ya virusi hivyo ndani yake, jambo ambalo mama wengi wanaokwenda kliniki hawajaambiwa.

"Na kuchemsha?"

Hakusaidii. Uyole iko juu kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na sumukuvu hii inahitaji zaidi ya nyuzi 200 kuvunjika. Uji hautafika huko hata ukaungua sufuria. Kukaanga karanga hupunguza, hakumalizi.

Akanyamaza. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba ndoo ile siyo ya kwanza. Kwa miaka mitatu ndoo ikijaa alikuwa akimuuzia mama mmoja anayesaga karanga za kuungia mboga. Hakuwa amedanganya mtu. Alisema ni za daraja la pili, akauza nusu bei. Nani asingefanya hivyo? Amelelewa, kama mimi, kwamba chakula hakitupwi. Ukitembelea soko lolote kubwa la Nyanda za Juu Kusini ukaona karanga zilizosagwa zinauzwa chini ya bei ya karanga nzima, ilhali kusaga ni gharama, jiulize punje gani zimo humo. Nadhani hapa ndipo penye ubaya mkubwa wa kisa hiki, kuliko hata katoni ya 12, kwa sababu katoni ya 12 ilipimwa.

Tulimfuata dalali aliyemuuzia karanga. Mzee mtaratibu, akatukaribisha kwenye viti vya kreti. Nilitoa kipima unyevu, nikachomeka kwenye gunia jipya: asilimia 10. Karanga za kuhifadhi zinatakiwa ziwe 7 au pungufu. Hakushtuka.

"Wanazilowesha kijijini, tata," alisema. "Zikiwa kavu ganda linakata vidole. Akina mama wanalipwa kwa debe. Wanamwagia maji, wanafunika kwa turubai usiku, asubuhi zinabanguka zenyewe."

Maji, giza, joto la Momba chini ya turubai. Ukimwajiri kuvu akuandikie mahitaji yake asingeandika vingine. Kama zitaanikwa tena zikakauka siku ile ile madhara ni madogo, lakini zikiingia kwenye kiroba zikiwa na maji hayo, safari ya kwenda Mbeya inatosha. Nilitaka kuwalaumu akina mama wale, nikashindwa. Malipo ya debe moja la karanga zilizobanguliwa kwa vidole ni madogo mno kwa mtu kuumizwa nayo. Mashine ya mkono ya kubangua karanga kavu ipo na ni ya chuma cha kawaida tu, mafundi wanaitengeneza. Mama alimwambia dalali atanunua karanga zenye maganda, atabangua mwenyewe. Dalali akasema maganda yanakula nafasi kwenye gari, bei ya usafiri itapanda. Walibishana nusu saa, nikala karanga mbili kwa mazoea, kisha nikakumbuka nilikuja kufanya nini pale.

Katoni za 11 na 12 na ndoo yenyewe tulizifukia, shimo refu, nyuma ya choo. Katoni kumi zilirudi Iringa na karatasi mpya yenye namba ya kila mkupuo. Mnunuzi alizipokea, akapunguza bei kidogo, jambo ambalo mama alilitarajia.

Ningeweza kuishia hapo kama si tabia yangu ya kusoma. Unga wa 4 unakubalika kwa kiwango chetu. Ulaya, chakula cha watoto wachanga hakiruhusiwi kuzidi maikrogramu 0.1 ya aflatoksini B1 kwa kilo. Sisemi tuige; kwa kiwango hicho nyumba nyingi za huku zisingekuwa na uji wa kumpa mtoto. Nasema tu kwamba 10 iliandikwa kwa ajili ya nafaka ya watu wote, na mtoto anayekunywa uji wa unga mmoja asubuhi, mchana na jioni si watu wote.

Na stripu yangu hujibu swali moja tu. Huku kwetu juu, kwenye ubaridi, mahindi hupata shida na kuvu mwingine, yule anayetoa sumu iitwayo fumonisini. Utafiti uliochapishwa 2008, wa sampuli 120 za mahindi ya majumbani kutoka Iringa, Ruvuma, Tabora na Kilimanjaro, uliikuta fumonisini kwenye zaidi ya nusu ya sampuli, na aflatoksini kwenye chini ya moja ya tano. IARC imeiweka fumonisini B1 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa vinaleta saratani. Miaka mitatu nimezunguka Mbeya na Mbozi nikipima sumu ya Dodoma kwenye mahindi ya Mbozi, nikiwapa watu karatasi zilizoandikwa "salama". Stripu za fumonisini zipo, mashine ni ile ile, unabadili msimbo tu. Sikuwa nazibeba kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na moja inagharimu zaidi ya kilo tano za unga wa mama huyu.

Niliagiza pakiti moja. Mahindi yake ya Mbozi yalisoma 1,300 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni 2,000.

"Kwa hiyo nimepita?"

"Umepita, mama."

"Mbona unaongea hivyo?"

Nikamweleza kwamba sumu hii hukaa zaidi kwenye ganda la nje na kiini cha punje, na kwamba akikoboa kabla ya kusaga sehemu kubwa itaondoka, ingawa na virutubisho vingine vitaondoka nayo, na karanga na soya itabidi zifidie. Alipiga hesabu za umeme na upungufu wa uzito kwenye kikokotoo cha simu, akanuna, akakubali kujaribu mkupuo mmoja. Wateja wawili wa jirani walirudi kuuliza kwa nini unga wa lishe umekuwa mweupe kama sembe.

Nilipopita tena Agosti mkobani nilikuwa na stripu tano zilizobaki. Alikuwa na furaha. Mahindi yaliyokobolewa yalisoma 400. Ukumbini kulikuwa na kiroba kimejaa, kimefungwa kamba vizuri.

"Hizo ni nini?"

"Pumba, mwanangu. Jirani ana kuku, amenilipa kabisa."

Nikavua mkoba, nikamwomba kijiko.